Kidonge cha Nyumba ya Pili

Nimefikiri sana kama niiseme habari hii au niiache, maana waliopatwa nayo ni majirani zangu hapa Dumyat, Misri, na mmoja wao bado tunapishana naye kila asubuhi akienda kufungua karakana. Mwishowe ni yeye mwenyewe aliyenipa ruhusa. Aliniambia, "Waeleze watu, huenda mwingine akafungua mdomo." Basi nawaeleza, jamani, nanyi mnivumilie, kwa sababu si habari ya kufurahisha.

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, nyumbani kwa Haji Bahgat, mchonga viti. Siku hiyo karakana zote za mtaa wetu hufungwa, nyundo zikanyamaza, na mtu akasikia hata redio ya jirani. Bi Insaf, mke wa Haji, alikuwa ametandika kitambaa sebuleni na kukipanga chakula: maharage yaliyomwagiwa mafuta na ndimu, jibini nyeupe ya hapa kwetu, vitunguu vya majani, mikate yenye moto na birika la chai. Mtoto wao mkubwa, Wagdi, alikuwa amekuja na mkewe na wanawe wawili kama ilivyo desturi yao. Haji alionja maharage akakunja uso, akawaambia wajukuu kwamba bibi yao leo ametia chumvi ya kulipiza kisasi.

"Kula hivyo hivyo, Haji," Bi Insaf alisema. "Ungelala nyumbani jana ungeamka ukayaonja mapema, nikapunguza."

Wote wakacheka, isipokuwa Wagdi. Yeye alijishughulisha na mkate wake kama mtu anayetafuta kitu ndani yake. Asubuhi ile, saa moja, alikuwa amemfuata baba yake kwa gari mpaka mji wa jirani, Mansura, na alijua vizuri baba yake alilala wapi na kwa nani.

Niwaambie ukweli wote, maana nusu yake ndiyo iliyotuponza. Miaka miwili kabla ya hapo, Haji Bahgat alimwoa mjane mmoja wa Mansura aitwaye Wafiya, fundi wa kushona mapazia. Angekwenda kwa msajili wa ndoa, barua ingemfikia Bi Insaf, ndivyo sheria inavyotaka. Kwa hiyo akafunga ndoa ya urfi, ile ya karatasi inayofichwa kwenye droo. Karatasi ile inataka mashahidi wawili. Mmoja alikuwa kaka yake Wafiya. Wa pili, Mungu amsamehe Haji, alikuwa Wagdi, mtoto wa kumzaa wa Bi Insaf. Kijana aliambiwa na baba yake, na kwetu baba akisema mtoto hasemi. Alitia saini. Tangu siku hiyo Bi Insaf akawa anaambiwa kwamba Haji kila Jumapili na kila Alhamisi anapeleka viti kwenye duka la Mansura, na barabara imemchosha, analala huko huko.

Siri hii ilizaa siri nyingine. Miezi minane kabla ya Ijumaa ile, akiwa kwa Wafiya, Haji alishikwa na moyo kupapatika mpaka akashindwa kupanda ngazi. Wafiya alimpeleka kwa daktari wa moyo. Huyo akampa vidonge vya kuzuia damu isigande, kimoja asubuhi na kimoja jioni bila kuruka hata siku moja, akamweleza kwamba moyo unaopapatika hivyo hutengeneza madonge ya damu na kuyatupa kichwani. Sasa, dawa za Haji pale nyumbani kwake Dumyat zilikuwa mikononi mwa Bi Insaf. Alikuwa na kopo la biskuti la zamani, humo ndimo zilimokaa dawa ya presha na dawa ya sukari, na yeye ndiye aliyempa Haji moja moja pamoja na glasi ya maji. Kisanduku kipya chenye jina la daktari wa Mansura kingeleta maswali. Haji akaona njia rahisi ni kuviacha vidonge vile kwa Wafiya, avimeze siku akiwa kule tu.

Wagdi alilijua hilo. Aliwahi kumwambia baba yake kwamba dawa ya kila siku haimezwi mara mbili kwa wiki. Haji akamjibu kwamba moyo wake una adabu, unapapatika Mansura peke yake. Walicheka wote wawili, na mazungumzo yakaishia hapo. Mpaka leo Wagdi hukichukia kicheko kile.

Na Ijumaa ile, akimchukua baba yake mlangoni kwa Wafiya, mama yule alimwambia, "Kidonge chake kameza sasa hivi. Mhimize ale kitu." Alilisikia neno hilo kwa masikio yake mawili. Liwekeni akilini.

Basi turudi sebuleni. Haji alinyoosha mkono wa kulia kuchukua mkate, mkate ukamwanguka. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akajaribu kuuokota mkate, vidole vikakataa. Alipoinua uso, upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka, na maneno aliyotaka kusema yakatoka kama ya mtu mwenye pamba kinywani. Mjukuu mdogo akadhani babu anafanya mchezo, akaanza kumwigiza.

Hapa nampa Bi Insaf haki yake. Hakupiga mayowe, hakumwita jirani aje na maji ya sukari, hakusema tusubiri atulie. Alisema neno moja tu, "Gari," na Wagdi alikuwa ameshashika funguo. Saa tatu na nusu haijafika, Haji alikuwa kitandani hospitali, anapigwa picha ya kichwa. Kuna watu wengi sana wanaopoteza nusu siku hapo, lakini familia hii haikupoteza hata dakika. Ndiyo maana roho inaniuma.

Daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mfupi, Daktari Mirvat, anayezungumza haraka bila kupandisha sauti. Alitoka na karatasi mkononi, akawakuta Bi Insaf, dada zake wawili waliokuwa wameshafika, na Wagdi. Akawaeleza kwamba donge la damu limeziba mshipa mkubwa wa ubongoni. Wamewahi, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa ipo sindano ya kuliyeyusha.

"Lakini sindano hiyo hiyo inaweza kumfanya avuje damu ndani ya ubongo," alisema. "Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Kwa hiyo sichomi kabla sijapima hatari yake. Naangalia umri, presha, sukari, sehemu ya ubongo iliyokosa damu, na dawa anazotumia. Nikiona hatari ni kubwa, naiacha sindano, natafuta njia nyingine. Niambieni, anatumia dawa yoyote ya kuzuia damu isigande?"

Bi Insaf alijibu daktari hajamaliza. "Hapana, daktari. Ya presha na ya sukari, basi. Nampa mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Kidonge hakiingii kinywani mwa Haji bila mimi kukiona."

Alilisema kwa fahari. Miaka thelathini na sita ya ndoa ilikuwa ndani ya jibu lile, na kila neno lake alikuwa analiamini.

Daktari aliandika, kisha akasita, akamgeukia Wagdi. "Nauliza mara ya pili, na nakuuliza na wewe, kijana. Hizi dawa mpya, vipimo vyangu vya haraka havizioni. Mkiniambia hapana, mimi nitaamini hapana."

Wagdi alifungua mdomo. Alikuwa na sentensi nzima ulimini: anameza dawa ya moyo, kameza leo saa moja. Ni maneno machache tu, hata mtoto angeyasema. Lakini nyuma ya maneno hayo alimwona mama yake akiuliza, kameza wapi? Kapewa na nani? Na wewe umejuaje? Akaiona ile karatasi kwenye droo na saini yake chini yake. Akawaona na mama zake wadogo wawili, ambao kabla ya adhuhuri wangekuwa wameshaifikisha habari kila nyumba ya Dumyat. Mama yake akambana mkono. "Mjibu daktari, mwanangu."

"Ni kama mama alivyosema," Wagdi alijibu.

Msimhukumu upesi. Nami nilimhukumu, kisha nikajiuliza ni mara ngapi nimekaa mbele ya daktari nikasema situmii kitu, na mfukoni nina kitu. Lakini kosa ni kosa, na hili lilikuwa kubwa.

Daktari alipiga hesabu yake kwa yale aliyopewa. Akawaambia kwamba kati ya wagonjwa mia walio kama Haji, wachache, pengine wanne, ndio watakaovuja damu vibaya, na kwamba faida ya sindano inaizidi hatari hiyo. Wagdi aling'ang'ania idadi ile. Wanne kati ya mia. Akajiambia kidonge ni kidogo kama dengu, kitakuwa kimeshayeyuka tumboni, na baba yake ni mtu mwenye nguvu. Hata hivyo alimfuata daktari hatua kadhaa kwenye ujia, akiwa na nia ya kumnong'oneza. Ndipo akawaza kwamba akimwambia, daktari atarudi kumuuliza mama jina la dawa, na yote yatakuwa yale yale. Akasimama. Muuguzi akamletea fomu ya kukubali sindano, atie saini kama mtoto mkubwa. Akatia.

Sindano ikachomwa, dripu ikatundikwa, na kwa muda ilionekana kama Mungu ameamua kuyafunika yote. Haukupita muda mrefu, Haji akainua mkono wa kulia. Mdomo ukarudi karibu na mahali pake. Akatamka, polepole lakini waziwazi, "Insaf," na mama akalia kwa furaha, akambusu kiganja. Wagdi alishuka uani mwa hospitali kuswali Ijumaa na watu waliotandika mikeka pale. Alisujudu kwa muda mrefu, akaapa kwamba baba akitoka salama atamlazimisha akae na mama na kumweleza kila kitu. Naamini alikuwa anasema kweli.

Aliporudi juu alikuta pazia limevutwa. Haji alikuwa amelalamika kichwa kinampasuka, akatapika, kisha macho yakaanza kumwelea. Dripu ilikuwa imeshasimamishwa, na kitanda kilikuwa kinasukumwa kwenda kwenye picha ya pili. Picha hiyo ilipotoka, daktari aliitazama, halafu akamwita Wagdi peke yake kwenye ujia.

"Baba yako anavuja damu ubongoni, na nyingi," alisema. "Nilijua inaweza kutokea. Lakini si kwa kasi hii, si kwa mtu mwenye vipimo vile. Kuna kitu sikukijua. Kameza nini?"

Wagdi akakaa chini kwenye sakafu, akasema. Alisema moyo, kidonge, Mansura, saa moja asubuhi. Daktari Mirvat hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza.

"Alikuwa anameza kila siku?"

"Siku akiwa kule tu."

Daktari alifumba macho kidogo. Akamweleza, kwa sauti ile ile isiyopanda, kwamba huenda donge lenyewe lilitokana na zile siku alizoruka, na kidonge cha asubuhi kilikuja kimechelewa kulizuia, ila hakikuchelewa kuifanya sindano iwe sumu.

"Na ungejua?" Wagdi aliuliza.

"Nisingemchoma. Wapo wanaolivuta donge kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Kwa saa ile mliyofika, ningempakia kwenye gari la wagonjwa nikampeleka kwao."

"Wako wapi?"

"Mansura."

Wagdi aliniambia kwamba alicheka aliposikia jina hilo, akaona aibu, na hakuweza kujizuia.

Daktari alihitaji jina la kidonge na nguvu yake ili ajaribu kukizima, na alilihitaji pale pale. Wagdi hakujua jina. Aliyelijua ni Wafiya. Akatoa simu, na alipogeuka akamwona mama yake amesimama nyuma yake, ameshasikia yote. Kile alichokiogopa tangu asubuhi, kilichomfanya afunge mdomo, kilikuwa mbele yake sasa.

Bi Insaf alimtazama mwanawe. Uso wake ulikuwa umekauka. Akasema, "Muulize jina la dawa. Na umwambie aje nayo."

Basi, ndugu zangu. Hayo tu ndiyo aliyosema. Jambo ambalo Wagdi alilipima na uhai wa baba yake lilipita kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mara mbili.

Wafiya alifika kabla ya magharibi, kisanduku cha dawa mkononi, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Madaktari walikuwa wameshajaribu walichoweza. Akasimama mbali, karibu na ngazi, hajui kama ana haki ya kusogea. Bi Insaf ndiye aliyemwendea. Akakichukua kisanduku, akakisoma maandishi yake yote, mbele na nyuma.

"Siku akiwa kwako ulimpa wewe," alisema.

"Asubuhi na jioni, dada. Sikuruka."

"Na siku akiwa kwangu?"

Wafiya alitikisa kichwa. Akaeleza kwamba kila mara alimsihi Haji abebe vidonge, hata aviweke ndani ya kisanduku cha patasi zake, naye akakataa asije akaonekana navyo. Bi Insaf akamrudishia kisanduku, akarudi kukaa kando ya kitanda. Baada ya kitambo akamfanyia Wafiya ishara kwa mkono, aje akae upande wa pili. Wanawake wale wawili walikaa hivyo siku nne, zamu kwa zamu, na Haji hakuamka. Jumanne tulimzika.

Siku ya tatu ya matanga, wageni walipopungua, Wagdi alikwenda kumpigia mama yake magoti. Alijieleza kama sisi wote tunavyojieleza: alitaka kumlinda, hakutaka avunjike moyo mbele ya dada zake, alisubiri wakati mzuri. Mama alimwacha amalize.

"Ulidhani ningefanya nini, Wagdi?" alimuuliza. "Ningelia. Ningempigia kelele baba yako akiwa hapo hapo kitandani, ningekwenda kwa dada yangu wiki mbili, ningerudi. Pengine nisingerudi. Lakini angekuwepo mtu wa kumkasirikia. Sasa nina hasira na sina pa kuipeleka, ila kwako wewe. Na wewe ni mwanangu."

Hakumfukuza. Hakumlaani pia. Mpaka leo Wagdi humpelekea mkate kila Ijumaa na mama humpokea, humwekea chai, na mazungumzo yao ni ya watoto na ya hali ya hewa. Nimekaa nao mara moja. Wagdi anasubiri mama yake amgombeze, na mama hamgombezi. Nilitoka pale mapema.

FUNZO

Wenzangu, kiharusi kikimpata mtu wenu, mkimbizeni, kama Bi Insaf alivyofanya. Lakini mkifika, fikeni na ukweli mzima. Daktari anaweza kukisia ni nani atavuja damu kichwani na ni nani atapona, ila anakisia kwa kile mlichomwambia. Mkimficha kidonge kimoja, mmemfunga macho, kisha mnampa sindano mkononi. Msione haya kutaja dawa ya moyo, wala dawa ya mganga, wala ile mnayonunua kwa siri. Kama hamuwezi kuisema mbele ya mama, mwombeni daktari mtoke nje. Atatoka.

Nanyi akina baba, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu Haji alikuwa rafiki yangu: mwenye kuigawa nyumba yake kwa siri ameigawa hata dawa yake. Alimkabidhi mwanawe siri isiyobebeka, na kijana aliibeba mpaka mwisho kama alivyoagizwa. Hiyo ndiyo heshima iliyomuua baba.

Bi Insaf angelia Ijumaa moja. Wagdi alimzuia asilie siku ile, na sasa wanalia wote wawili, kila mtu nyumbani kwake, na mkate wa Ijumaa tu katikati.